Usiuze Kiraka Bila Suruali: Sheria za Majeshi ya Warhammer 40,000

Leo sina habari za PHP wala za seva. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu mchezo wa mezani. Kabla hujafunga ukurasa ukisema haya ni mambo ya watoto, nipe dakika kumi. Huu ni mjadala wa programu, wa leseni, na wa nani ana haki ya kurekebisha kosa. Umevaa tu magwanda ya wanajeshi wa anga za juu.

Naiweka hoja yangu hapa juu kabisa ili usije ukasema nilikuzungusha. Sheria za jeshi katika mchezo wa vita vya vijisanamu ni programu. Zina matoleo, zina makosa, zinahitaji viraka. Kampuni inayoziuza kama kitabu cha karatasi, huku ikizibadilisha kila baada ya miezi michache, inamuuzia mteja kitu ambacho yenyewe inajua hakitadumu. Na anayeumia zaidi ni mchezaji wa hali ya chini, kama vijana ninaowaona hapa Lindi, Kibera, ambao wana akili ya mchezo, wana muda, wana hamu, lakini hawana hela ya kununua kitu kilekile mara tatu.

MCHEZO WENYEWE

Kwa wasioufahamu: Warhammer 40,000 ni mchezo wa vita wa kubuni, uliowekwa katika milenia ya 41. Unatolewa na Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza. Toleo la kwanza, Rogue Trader, liliandikwa na Rick Priestley na kutoka mwaka 1987. Wachezaji wawili wanakutana mezani na vijisanamu vya plastiki walivyounganisha kwa gundi na kupaka rangi wenyewe. Wanapima mwendo kwa futi ya inchi na kuamua mashambulizi kwa dadu. Kila kikosi kina bei ya pointi, na mechi ya kawaida ni jeshi la pointi 2,000 kwa kila upande.

Sasa sikiliza jambo muhimu. Kwenye drafti tunayocheza kwa visoda hapa mtaani, wewe una kete 12 na mimi nina 12, na zote zinatembea sawa. Kwenye bao la kiswahili kuna mashimo 32 na kete 64, kila upande 32. Sheria zake ni ngumu, muulize yeyote aliyejaribu kuelewa nyumba, kutakasa na mtaji kwa siku moja, lakini zinambana kila mtu kwa kipimo kilekile. Kukiwa na sheria mbovu, inatuuma wote wawili.

Warhammer haiko hivyo. Kuna majeshi zaidi ya 20, na kila moja lina sheria zake. Space Marines ni wachache na wagumu. Orks ni wengi, wana kelele na hawajui kulenga. Necrons ni mifupa ya chuma inayoinuka tena baada ya kuangushwa. Tyranids ni wadudu wanaokula sayari nzima. Utamu wa mchezo uko hapo, na balaa lake liko hapohapo.

Fanya hesabu kama mwanaprogramu. Majeshi 20 yanatoa jozi 190 za kukutana. Katika toleo la 10, lililotoka Juni 2023, kila jeshi linaweza kuchagua muundo wa vita, wanaouita Detachment, wenye sheria yake na mbinu zake sita. Tuseme kila jeshi lina miundo mitano. Tayari una majeshi 100 tofauti na jozi 4,950. Na hapo hujahesabu vikosi unavyoweza kuchagua ndani ya kila jeshi. Hakuna timu ya wajaribu duniani inayoweza kuyapitia yote kabla ya kitabu kwenda kwa mchapishaji.

Kwa hiyo silaumu makosa kuwepo. Mimi mwenyewe kazi yangu ni kuandika programu, najua hakuna msimbo usio na kosa. Ninacholaumu ni kulichapisha kosa kwa wino, kulifunga kwa jalada gumu, na kuliuza kwa pauni 30 na ushee.

USHAHIDI WA KWANZA: KIRAKA KILICHOTANGULIA KITABU

Mwaka 2022 Games Workshop walileta jeshi jipya, Leagues of Votann, wale mbilikimo wa anga za juu. Kodeksi yao, yaani kitabu cha sheria za jeshi, ilianza kutoka ndani ya boksi maalumu. Wachezaji waliposoma walishika vichwa. Jeshi lilikuwa na utaratibu wa kumwekea adui alama za hukumu, na alama hizo zilifanya risasi zake zijeruhi karibu bila kujali ugumu wa unayempiga. Waandaaji wa mashindano wakaanza kulipiga marufuku kabla hata halijafika madukani kwa kawaida.

Kampuni ikafanya nini? Ikatangaza kiraka. Pointi zikapandishwa, sheria ya alama ikapunguzwa makali, yote hayo kabla kodeksi haijaanza kuuzwa yenyewe madukani. Soma tena sentensi hiyo. Kitabu kilipofika rafuni kilikuwa tayari na namba za uongo ndani yake, na aliyekiuza alijua. Fundi akikuuzia redio hapa Kibera huku akijua haishiki stesheni, tunajua jina la kumpa.

USHAHIDI WA PILI: KITABU CHA MIEZI MINNE

World Eaters walipata kodeksi yao ya toleo la 9 mnamo Februari 2023. Juni mwaka huohuo toleo la 10 likatoka na kufuta kodeksi zote za toleo la 9. Miezi minne! Hata boksi la maziwa ya unga unaliweka kabatini muda mrefu kuliko huo.

Na usiseme ilikuwa ajali. Toleo la 8 lilitoka 2017, la 9 likatoka 2020, la 10 likatoka 2023. Huhitaji digrii ya hisabati kuuona mpangilio huo. Waliopanga tarehe ya kodeksi ya Februari walijua ya Juni inakuja.

USHAHIDI WA TATU: WALIPOFANYA VIZURI, KISHA WAKAJIRUDI

Hapa nataka niwe mwadilifu, kwa sababu mkosoaji asiyesifu kinachosifika ni mpiga kelele tu. Toleo la 10 lilipoanza, kampuni ilitoa sheria za majeshi yote bure, kama mafaili ya PDF, kwa jina la Index. Ukiwa na bando la intaneti na saiba yenye printa, ulikuwa sawa na mchezaji wa London. Hicho ndicho kitu bora walichofanya kwa miaka mingi.

Je, mafaili hayo yalikuwa na makosa? Yalijaa! Kubwa kuliko yote lilikuwa la Aeldari. Mchezaji wa Aeldari alirusha dadu 12 mwanzoni mwa mechi na kuzihifadhi. Baadaye angeweza kuchukua dadu moja na kuiweka badala ya kurusha. Kwenye karatasi inapendeza: ni watu wanaouona wakati ujao. Lakini piga hesabu. Ukirusha dadu 12, uwezekano wa kupata angalau sita moja ni kama asilimia 89, na kwa wastani utapata sita mbili. Halafu kulikuwa na sheria nyingine, Devastating Wounds, iliyosema sita kwenye kujeruhi inapita kinga zote. Na kulikuwa na jitu linaloitwa Wraithknight lenye mizinga mikubwa yenye sheria hiyo. Unganisha vitatu hivyo: unachukua sita uliyoihifadhi, unaiweka kwenye mzinga, na kitu cha thamani zaidi mezani kwa adui kinatoweka bila yeye kugusa dadu.

Kila sheria peke yake ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa kwenye makutano. Ukiwahi kuandika programu mbili zinazogusa jedwali moja la hifadhidata, unajua ninachosema.

Kabla mwaka 2023 haujaisha pointi zilikuwa zimepandishwa na Devastating Wounds ilikuwa imeandikwa upya. Na kwa kuwa faili lilikuwa la bure, kiraka hakikumdhulumu mtu. Unapakua upya, unafuta la zamani, unaendelea kucheza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa!

Halafu wakajirudi. Kuanzia Tyranids na Space Marines katika miezi ya mwisho ya 2023, kodeksi zilianza kutoka moja baada ya nyingine. Kila moja ilipotoka, faili la bure la jeshi hilo liliondolewa. Kwenye programu yao ya simu, vikosi vya jeshi hilo vikafungwa nyuma ya namba ya siri iliyochapishwa ndani ya kitabu, na namba hiyo hutumika mara moja tu.

Fikiria maana yake kwa mtu wa hapa. Sisi ni watu wa mitumba. Vitabu vyangu vya chuo nilivinunua kwa wauzaji wa kando ya barabara mjini, wale wa "inama bookshop". Nguo zangu nyingi zimepitia Toi Market, na siioni aibu. Kitabu cha mtumba kina maneno yaleyale ya kitabu kipya. Lakini kodeksi ya mtumba ni maiti: namba imeshatumika, programu ya simu haikutambui, na karatasi zenyewe zimeshapitwa na viraka. Wameua soko la mtumba bila kutunga hata sheria moja inayolikataza.

KIRAKA KINACHOLIPWA NA MFUKO WAKO

Kuna jambo jingine ambalo wakaguzi wengi hulipita haraka. Kurekebisha jeshi kwa kubadilisha pointi kunaonekana ni kazi safi. Jeshi kali, panda pointi. Jeshi dhaifu, shusha pointi. Ni namba tu.

Sivyo. Pointi zikishuka, mechi ni ileile ya 2,000, kwa hiyo unahitaji vijisanamu vingi zaidi kujaza nafasi. Kodeksi ya Adeptus Mechanicus ya mwishoni mwa 2023 ndiyo mfano wa kufundishia. Jeshi lilikuwa dhaifu, na badala ya kulipa sheria zenye nguvu, dawa kuu ikawa kushusha bei ya vikosi. Wenye jeshi hilo wakalalamika, na walikuwa na haki: ili uwe na nafasi ya kushinda ilibidi uwe na umati wa plastiki, na kila boksi lina bei yake dukani.

Kwa hiyo ninapokagua sheria za jeshi naangalia mambo manne. Je, jeshi lina wazo moja linaloonekana mezani, au ni rundo la vipande vya +1? Je, mpinzani ana la kufanya, au anakaa tu akihesabu maiti wake? Je, mtu anaweza kuzishika sheria kichwani bila kufungua simu kila dakika? Na la nne: inagharimu kiasi gani kufikisha pointi 2,000? Mkaguzi asiyeuliza swali la nne anawaandikia matajiri.

PINGAMIZI ZENU NAZIJUA

"Kampuni lazima ile." Sawa, na ile vizuri. Mnamo Desemba 2024 Games Workshop iliingia kwenye FTSE 100, orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Haikufika huko kwa kuuza karatasi za sheria. Imefika kwa kuuza plastiki, na plastiki hiyo ni nzuri, sibishi. Sheria ndizo zinazomfanya mtu aitake plastiki. Kumtoza mtu ili asome kwa nini anunue bidhaa yako ni sawa na muuza nyama choma kutoza kiingilio cha kunusa moshi.

"Lakini pointi na marekebisho wanatoa bure." Kweli kabisa. Orodha ya pointi, Munitorum Field Manual, ni ya bure na husasishwa mara kwa mara. Nawashukuru. Ila kiraka bila sheria ya awali hakina kazi. Kunipa waraka unaosema "badilisha aya ya pili ya sheria fulani" wakati sheria hiyo iko kwenye kitabu ambacho sina, ni kunipa kiraka bila suruali.

"Si zipo tovuti zilizonakili kila kitu, tumia hizo." Zipo, na wengi wanazitumia. Mimi sitaki kumfundisha kijana wa miaka 14 kwamba njia ya pekee ya kujua sheria za mchezo ni kupitia mlango wa nyuma. Mfumo unaomfanya kila mtu maskini kuwa mwizi una kasoro kwenye mfumo wenyewe.

"Huu ni mchezo wa wazungu, Lindi inauhusu nini?" Hapo ndipo ninapochemka. Mchezo huu ulianza kama jua kali! Miaka ya mwanzo gazeti lao, White Dwarf, lilionyesha wasomaji namna ya kutengeneza kifaru kinachoelea kutokana na chombo cha diodoranti. Chombo kilichotupwa, kisu, gundi, rangi. Mwonyeshe mtoto wa Kibera anayetengeneza gari la waya, atakuuliza kwa nini unamwonyesha kitu anachokifanya tayari. Hapa kuna mafundi wanaochonga mifupa ya ng'ombe ikawa hereni na mikufu inayouzwa ughaibuni. Jeshi la Necrons la mfupa halisi lingetoka hapa likaaibisha la plastiki. Mikono ipo. Kinachotuzuia ni karatasi.

TUNAJUA NJIA, TUMESHAIPITA

Nchi hizi si ngeni kwa vita vya leseni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo. Uliwezekana kwa sababu programu ile ilikuwa huria, na hakuna aliyehitaji kupiga magoti mbele ya kampuni akiomba ruhusa ya kuandika "Hifadhi" badala ya neno la Kiingereza.

Na mfano ulio karibu zaidi ni huu tunaokanyaga. Hadi 2009 Kibera kwenye ramani nyingi za mtandaoni ilikuwa doa tupu. Lindi, Makina, Gatwekera, Silanga, Laini Saba, hakuna kitu. Mwaka huo mradi wa Map Kibera uliwachukua vijana wa hapa, ukawapa vipokezi vya GPS, na wakaichora Kibera kwenye OpenStreetMap. Choo, kliniki, shule, bomba la maji. Ramani ile ilikuwa na makosa? Bila shaka. Lakini aliyeona kosa angeweza kulirekebisha, kwa sababu data ilikuwa yake. Ramani ikauzwa kama kitabu ingekuwa uongo mara tu mtu alipobomoa kibanda kimoja.

Hata ndani ya Warhammer mbegu hiyo ipo. Kuna wajitolea wa BSData, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiandika vikosi na pointi za majeshi kama mafaili ya XML, ya .gst kwa mchezo na ya .cat kwa kila jeshi, na kuyaweka GitHub. Ukiona namba imekosewa unatuma marekebisho, mwingine anayapitia, yanaingia. Programu za kupangia majeshi, kama BattleScribe ya zamani na New Recruit, zimejengwa juu ya data hiyo. Yaani watu wasiolipwa wamejenga mfumo wa matoleo ambao kampuni ya FTSE 100 ilipaswa kuujenga.

Kuna pia Grimdark Future ya OnePageRules. Sheria zake za msingi ni kurasa chache sana, ni za bure, orodha za majeshi ni za bure, na haikuulizi ulinunua wapi vijisanamu vyako. Visoda vilivyobandikwa picha vinakubalika. Ina kina sawa na Warhammer? Hapana, na majeshi yake hayana ladha kali kama yale. Lakini mchezo wenye ladha pungufu ninaoweza kuucheza Jumapili unaushinda mtamu ninaousoma kwenye dirisha la duka.

NINACHODAI

Kwanza, sheria za kila jeshi ziwe faili la bure, lenye namba ya toleo, tarehe, na orodha ya kilichobadilika. Kama tunavyofanya kwa programu yoyote ya heshima.

Pili, kitabu kiuzwe kwa yale yasiyoharibika: picha, ramani, hadithi za majeshi, mafunzo ya rangi. Hivyo hakuna kiraka kitakachovifuta, na mwenye hela atavinunua kwa furaha.

Tatu, matoleo ya zamani yabaki hewani. Kama mimi na jirani tunataka kucheza toleo la 2023 hadi tuzeeke, hilo ni letu.

Nne, data itolewe katika muundo ambao kompyuta inausoma, ili mwanaprogramu wa Lindi aweze kutengeneza programu ya simu ya bei nafuu, kwa Kiswahili, isiyokula bando.

Na msiniambie haiwezekani. Mwaka 1998, toleo la 3 lilipotoka, kitabu kikuu cha sheria kilikuwa na orodha fupi za majeshi yote ndani yake, nunua kimoja cheza jeshi lolote. Mwaka 2023 waliweka kila kitu bure kwa miezi kadhaa na soko la hisa halikuanguka. Wameshafanya mara mbili. Wanajua inavyofanyika.

Wakati tunasubiri, ushauri wangu kwa vijana wa hapa ni mwepesi. Usinunue kodeksi. Nunua boksi moja la vijisanamu ukijaliwa, au chonga vyako. Chapisha sheria za bure kwenye saiba. Mkikuta sheria imekaa vibaya, irekebisheni, iandikeni kwenye daftari la kikundi, wekeni tarehe. Siku mtakapokuwa na sheria ishirini mlizojirekebishia, mtakuwa na toleo lenu, na hakuna atakayewauzia tena.